Kituo cha Nne

Kwa siku thelathini mfululizo, kila ilipotimia saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mtu mzima mwenye akili zake timamu alisimama nyuma ya mlango wa chumba chake cha kulala, sikio limebanwa kwenye mbao, saa ya kupimia mkononi. Mlango wa bafu ulitazamana na wake. Kati ya milango hiyo miwili palikuwa na korido ambayo watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kujibandika ukutani. Na bafuni alikuwamo mama mkwe wake.

"Dakika kumi na tisa," alinong'ona.

"Lala au nenda kazini," alisema mkewe, akifunga vifungo vya sare yake ya uuguzi. "Lakini usisimame hapo kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba."

"Ninakusanya takwimu."

"Unakusanya takwimu za mama yangu bafuni."

"Za bafu. Mama yumo tu."

Mkewe alimtazama kwa muda, kama amtazamavyo mgonjwa anayedai kwamba dawa ameshakunywa. Kisha akafungua mlango, akapita, akaelekea jikoni. Kaimu, mumewe, aliufunga tena haraka, akarudisha sikio mahali pake. Dakika ya ishirini. Ya ishirini na moja. Kutoka jikoni ikaja sauti aliyoizoea: "Tutachelewa!" Hapo akafanya alichofanya kila asubuhi kwa miezi sita. Alichungulia, akaona korido ni tupu, akaipita kwa hatua nne ndefu hadi mlango wa nyuma, akaenda kunawa uso na kwapa kwenye bomba la uani, mbele ya kuku wa jirani. Nyuma yake akasikia kitasa cha bafu kikizunguka. Alibonyeza saa.

Ishirini na mbili. Aliandika.

Kaimu halikuwa jina lake, lakini hakuna aliyekumbuka lingine. Kwa miaka minne alikuwa kaimu mkuu wa kitengo cha ufungaji katika kiwanda cha sabuni. Alifanya kazi yote ya mkuu, alibeba lawama zote za mkuu, na mlangoni pake palikuwa na karatasi iliyosema kaimu. Wafanyakazi walianza kumwita hivyo kwa utani, fundi wa mashine akaifikisha sokoni, na siku moja mkewe naye akamwita hivyo mezani bila kujua. Mwaka huu uongozi ulikuwa umemwandikia barua fupi. Apate cheti cha mafunzo ya juu ya uboreshaji wa michakato ndani ya miezi miwili, athibitishwe. Asipokipata, ataletwa mkuu kutoka nje, naye atarudi kwenye meza ya kubandika maboksi alikoanzia.

Cheti hicho kiliitwa mkanda mweusi. Habari zilipofika mtaani, muuza mkaa wa kona, ambaye kwa miaka alimwita Kaimu Asiyekaimiwa, alianza kumwamkia kwa adabu na kumpisha njia.

*

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi uliokodishwa juu ya duka la vigae. Mkufunzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Hakupoteza neno. Hata alipopiga chafya, alipiga moja.

Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mradi: achukue mchakato mmoja halisi, aupime siku thelathini, atafute mahali unapokwama, aurekebishe, aupime tena. Siku ya mwisho Mkufunzi angekwenda kuuona mwenyewe unavyokwenda. Washiriki wengine waliinuka mmoja mmoja. Bwana wa saruji angepunguza mifuko inayopasuka. Dada wa benki angefupisha foleni. Kijana wa hospitali angeharakisha majibu ya maabara. Zamu ya Kaimu ilipofika, alisimama akiwa ameshika daftari kwa mikono miwili.

"Mashine yetu ya kufungia imevunjika gia," alisema. "Kipuri hakijafika. Laini imesimama tangu mwezi uliopita."

"Chukua mchakato mwingine," alisema Mkufunzi. "Wowote. Uwe na mwanzo, mwisho, na mtu anayelalamika."

Kaimu alifikiri. Mtu anayelalamika alikuwa naye.

"Asubuhi ya nyumbani kwangu," alisema. "Kuanzia chai kubandikwa jikoni hadi mtoto kutoka getini."

Ukumbi ulicheka. Bwana wa saruji alicheka hadi akatoa leso. "Mwenzetu anaboresha kifungua kinywa," alimwambia dada wa benki, kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona. Mkufunzi hakucheka. Aliuliza mchakato una vituo vingapi, na Kaimu akavitaja: jiko, kumwamsha mtoto, pasi ya sare, bafu, viatu na mkoba. Akauliza bidhaa ni nini.

"Mtoto wa darasa la pili," alisema Kaimu. "Aliyeoga, aliyekula, mwenye viatu vyote viwili."

"Inakubalika," alisema Mkufunzi, akaandika.

Wastani wa siku thelathini ulitoka dakika tisini na nne. Lengo likawekwa themanini. Mahali pa kukwama palijionyesha penyewe, kama jipu kwenye paji la uso. Jiko lilikwenda vizuri, mtoto aliamka akipigwa maji kidogo, pasi ilikwenda. Kisha kila kitu kilisimama mbele ya mlango wa bafu, kwenye kituo cha nne, kikangoja.

*

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Alihamia kwao miezi sita nyuma, baada ya goti kumkatalia ngazi za nyumba yake. Alikuja na sanduku moja, kalamu nyekundu mbili, na kengele ya mkono ya shaba aliyozawadiwa na shule siku ya kustaafu. Tangu binti yake aolewe, miaka tisa sasa, hakuwahi kumsemesha mkwe wake moja kwa moja. Kaimu alisema shikamoo kutoka mlangoni, akitazama zulia. Marahaba yake ilielekezwa dirishani. Mengine yote yalipitia kwa muuguzi: mwambie mumeo chumvi imezidi, mwambie mumeo redio ishushwe, mwambie mumeo shati hilo limefungwa kombo. Kaimu alijibu kwa njia hiyo hiyo, na mkewe, aliyekaa katikati, alipitisha maneno huku na huku kama dirisha la posta. Hakuna aliyeona ajabu. Heshima ni heshima.

Kwa hiyo Kaimu alipochora chati yake Jumamosi, hakuandika jina la mtu. Aliandika vituo tu, namba moja hadi tano, na juu ya kila kimoja akasimamisha mhimili wa rangi. Minne ilikuwa mifupi. Wa nne ulipanda hadi ukaishiwa karatasi, ikabidi aunge kipande kingine kwa gundi. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa, kama walivyofundishwa: CHANZO CHA UPOTEVU. Akaibandika koridoni ili ikauke, akaenda kunyoa.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya chati, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Kaimu alirudi nyuma hatua mbili, akajibandika ukutani. Hakuwa na pa kwenda. Mama mkwe alikuwa amekata namba ishirini na mbili, akaandika juu yake ishirini na moja nukta sita. Pembeni aliweka alama: sita chini ya kumi.

"Binti yangu," aliita, macho kwenye karatasi. "Njoo."

Muuguzi alikuja na mwiko mkononi.

"Mwambie mumeo hesabu ya wastani haikadiriwi. Inagawanywa."

"Amesikia, mama."

"Mwambie pia nimefundisha miaka thelathini na sita. Nimeitwa majina mengi na watoto wa watu. Kipima Joto. Bi Kugawanya. Sijawahi kuitwa upotevu."

"Ni bafu," alisema Kaimu, akiliambia zulia. "Mwambie mama, ni bafu, si mtu."

"Anasema ni bafu," alisema muuguzi.

"Mwulize bafu linaoga lenyewe?"

 Mama mkwe alifunika kalamu, akaingia chumbani. Walisikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni. Alipotoka alikuwa amevaa koti, na kengele ilikuwa kwapani, imezungushiwa soksi ili isilie.

"Mwambie mumeo," alisema mlangoni, "kituo kinahama."

Hakwenda mbali. Alikwenda kwa mdogo wake, nyumba tatu mbele, akichechemea kwa mwendo ambao mtaa mzima uliuona. Muuguzi alirudi jikoni, akaweka sahani mbili mezani, yake na ya mtoto. Kaimu aliuliza yake iko wapi.

"Nimepunguza upotevu," alisema mkewe.

*

Jumatatu asubuhi mchakato ulikwenda dakika sabini na moja. Kaimu alioga bafuni kwake, kwa maji ya moto, kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita. Hakuna aliyepiga kelele kwamba watachelewa.  Mkewe alimkabidhi mtoto mkononi kama mtu anayekabidhi mzigo uliokosewa anwani, akaenda zamu. Ndipo Kaimu alipokumbuka kwamba aliyempeleka mtoto shuleni kila siku alikuwa bibi yake. Alimpeleka mwenyewe, akakosea geti, akafika mafunzoni shati limemganda mgongoni. Lakini alikuwa na namba. Aliiweka mezani kwa Mkufunzi.

"Sabini na moja," alisema Mkufunzi. "Umefanya nini?"

"Kituo cha nne kimehama."

"Kimehama kwenda wapi?"

"Kwa mdogo wake."

Mkufunzi alivua miwani. Bwana wa saruji alisogeza kiti karibu.

"Hujaboresha kitu," alisema Mkufunzi. "Umemfukuza mtu. Hata mgonjwa akifa, homa hushuka. Wewe ungempa daktari huyo cheti?"

"Hapana, Mkufunzi."

"Ulimwuliza kwa nini anachukua dakika ishirini na mbili? Tumefundisha hapa. Kwa Nini Tano. Unauliza, ukijibiwa unauliza tena, hadi ufike kwenye mzizi."

Kaimu alitazama kulia na kushoto, akainama. "Mkufunzi, ni mama mkwe. Bafuni. Nitaanzaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu mafunzo yaanze, Mkufunzi alipoteza dakika nzima akifuta miwani iliyokuwa safi.  Ilionekana kwamba naye alikuwa na mkwe mahali fulani.

"Tafuta njia," alisema mwishoni. "Ijumaa saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa koridoni kwako na saa yangu. Nikikuta vituo vinne, ninaandika umeshindwa."

"Kwa hiyo kuna mtu atarudi kubandika maboksi," alisema bwana wa saruji.

*

Jioni hiyo hiyo Kaimu alikwenda nyumba ya tatu. Alimwomba mkewe amsindikize, na mkewe alikubali baada ya kumwacha aombe mara tatu. Sebuleni, mama mkwe alikaa kwenye kochi la mbali, uso dirishani. Kaimu alipewa kiti cha karibu na mlango, ambacho ni kiti cha wageni wasiotarajiwa kukaa sana. Muuguzi alikaa katikati, bado na sare. Mama mdogo alibaki jikoni, lakini sufuria zake zote zilinyamaza.

Kaimu alimwamkia, akaitikiwa kwa dirisha. Akatoa daftari.

"Mwambie mama nimekuja kuomba radhi," alisema. "Neno lile lilikuwa la kitabuni. Nililinukuu bila kufikiri."

"Anaomba radhi."

"Mwambie nimesikia. Aendelee, naona ana daftari."

Kaimu alifungua daftari. "Mwulize mama, kwa heshima zote. Kwa nini kituo cha, kwa nini bafu, yaani kwa nini dakika zinakuwa ishirini na moja nukta sita."

Mkewe alifumba macho. "Mama, anauliza kwa nini unakaa bafuni."

Mama mkwe hakugeuka. "Mwambie kuoga ninaoga dakika sita. Zilizobaki ninasubiri."

Kaimu aliacha kuandika. "Kwa nini anasubiri?"

"Kwa nini unasubiri, mama?"

"Nasubiri apite. Aende zake kazini."

"Kwa nini asubiri nipite?"

"Jamani," alisema muuguzi. "Kwa nini, mama?"

"Korido ile ni nyembamba kama rula. Nitoke na gauni la kulalia, taulo kichwani, nigongane na mkwe uso kwa uso? Nimelelewa wapi mimi? Nasimama pale juu ya kandambili, goti linaniuma, nasikiliza apite. Hapiti. Namsikia yuko nyuma ya mlango wake. Anahema. Halafu kile kidude chake kinalia tik."

 Kaimu alihisi masikio yakipata moto. 

"Kwa nini," alianza muuguzi, sasa bila kuulizwa, akimgeukia mumewe taratibu. "Kwa nini wewe hupiti?"

"Nasubiri mama atoke," alisema Kaimu. "Siwezi kutoka nikakutana naye koridoni kwa mavazi yale. Nasubiri nisikie mlango wake."

"Na mama anasubiri asikie mlango wako."

"Inaonekana."

"Miezi sita."

"Mitano na wiki tatu," alisema mama mkwe kwa dirisha.

"Na unanawia uani, mbele ya kuku."

Kaimu aliinamisha kichwa. Jikoni kifuniko kilianguka, na mama mdogo akasikika akikohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi. Muuguzi alitazama kulia, akatazama kushoto. Alikuwa amesimama zamu nzima ya muda wa saa kumi. Alikuwa amepitisha maneno ya watu hawa wawili kwa miaka tisa.

"Nina la tano," alisema. "Kwa nini hamwambiani?"

 Kaimu alitazama zulia. Mama mkwe alitazama dirisha, ingawa pazia lilikuwa limeshafungwa na hapakuwa na cha kutazama. Kisha akasafisha koo.

"Mwambie mumeo," alisema, "shuleni watoto mia nane walitoka kwa mlango mmoja na hawakugongana. Tulikuwa na kengele."

*

Alirudi usiku huo huo, sanduku likibebwa na mkwe wake hatua kumi nyuma. Kanuni zilikubaliwa kupitia kwa muuguzi na kuandikwa kwa kalamu nyekundu. Mlio mmoja kutoka bafuni: natoka, kaa ndani. Milio miwili kutoka chumbani kwa mama mkwe: njia iko wazi, pita. Jumanne mchakato ulikwenda dakika sabini na nane. Jumatano sabini na saba, na jirani wa kuku akaja kuuliza kama kumefunguliwa shule. Alhamisi sabini na nane tena. Kituo cha nne kilishuka hadi dakika sita na nusu. Mama mkwe alipitia hesabu, akaweka alama: tisa chini ya kumi. Ile moja aliyoikata ilikuwa ya mwandiko.

Ijumaa Mkufunzi alifika saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, kwa kuwa alichukia watu wanaofika kwa wakati tu. Alipewa kiti cha plastiki, akakiweka mwisho wa korido, akafungua ubao wake wa kuandikia. Mtoto alitoka chumbani kwa macho ya usingizi, akamwona, akarudi kitandani akidhani ni ndoto. Iligharimu dakika mbili kumwamsha upya. Kaimu, nyuma ya mlango wake, alizihesabu kama mtu anayehesabu matone ya damu. Pasi nayo ilichelewa kupata moto. Mama mkwe alipoingia bafuni, mchakato ulikuwa tayari umechelewa dakika mbili na nusu, na hapakubaki nafasi ya kukohoa.

Dakika ya nne. Maji yalimwagika. Dakika ya sita, maji yalikoma. Kaimu aliweka mkono juu ya kitasa akisubiri mlio. Badala yake alisikia kitu kidogo cha chuma kikianguka sakafuni, kikiruka mara tatu juu ya vigae, kikitumbukia kwenye tundu la maji. Kisha kimya.

Alijua mara moja. Ulimi wa kengele. Shaba ile ilikuwa na umri wa mtu mzima, na kwa siku tatu ilikuwa imepigwa kwa moyo wote.

Dakika ya saba. Bafuni, kimya. Chumbani, kimya. Kalamu ya Mkufunzi ilisikika ikiandika. Muuguzi alikuwa jikoni, amekatazwa kabisa kupiga kelele mbele ya mkaguzi. Kaimu alifikiria kukohoa, lakini kikohozi hakikuwamo kwenye kanuni. Alifikiria kuchungulia, na jasho likamtoka. Je, kama naye anachungulia? Aliiona meza ya maboksi. Aliiona gundi, brashi, na bwana fulani kutoka nje akipita nyuma yake akimwambia abandike sawasawa. Dakika ya nane. Mtoto alikuwa amesimama koridoni na taulo begani, akimtazama Mkufunzi, na Mkufunzi akimtazama yeye, bidhaa ambayo haijakamilika.

Dakika ya nane na nusu, kutoka nyuma ya mlango wa bafu, ilikuja sauti ya mwalimu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti inayofika dawati la mwisho.

"Mkwe."

Kaimu alitazama nyuma, kama kuna mkwe mwingine chumbani.

"Mkwe, nazungumza na wewe. Kengele imekufa. Upo mlangoni?"

Miaka tisa. Alinyoosha shati, akasogeza mdomo kwenye mbao. "Nipo, mama."

"Umevaa?"

"Nimevaa, mama."

"Mimi sijavaa vya kuonwa. Natoka. Ukifungua mlango huo kabla sijasema tayari, utajua kwa nini waliniita Bi Kugawanya."

"Pita, mama. Nimefunga."

Kitasa kilizunguka. Kandambili zilipita, hatua sita na goti moja bovu. Mlango wa mwisho wa korido ukafungwa. "Tayari," ilisema sauti. Kaimu alitoka kama mshale, akaoga kwa dakika tatu badala ya sita zake, na mtoto akaingia akitoka yeye. Jikoni muuguzi alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, aproni imefunika uso, mabega yakitikisika, na hakuna aliyeweza kujua mara moja kama analia au anacheka. Bidhaa ilitoka getini ikiwa na mkoba mgongoni na viatu vyote viwili, bibi yake akiishika mkono. Mkufunzi alibonyeza saa.

"Sabini na tisa na sekunde arobaini," alisema.

 Alipindua ukurasa. "Gharama ya marekebisho?"

"Hakuna," alisema Kaimu.

"Mzizi wa tatizo?"

Kaimu alitafuta neno la kitabuni. Yalikuwapo mengi, na yote alikuwa ameyakariri. "Tulikuwa tunasubiriana," alisema.

Mkufunzi aliandika neno moja, kusubiriana, akalipigia mstari. Alitia sahihi, akafunga ubao, akasimama. Hakwenda mlangoni. Aliiangalia korido kwa muda.

"Hiyo kengele," alisema kwa sauti ya chini kidogo, "hupatikana wapi?"

*

Barua ya uthibitisho ilifika wiki ya pili yake. Karatasi ya mlangoni kiwandani ikabadilishwa. Mtaani hakuna kilichobadilika. Muuza mkaa, alipogundua kwamba mkanda ule hauvaliwi wala haupigani, alirudi kwenye Kaimu siku hiyo hiyo na kudai apishwe yeye njia. Mama mkwe aliisoma barua yote kwa kalamu nyekundu mkononi, akarekebisha nukta mbili, ndipo akaruhusu ibandikwe koridoni mahali pa ile chati.

Kengele haikutengenezwa. Haikuhitajika tena, kwa sababu mwalimu, baada ya kuvunja ukimya wa miaka tisa, hakuona sababu ya kuurudia. Alisema kupitia mlango wa bafu, kupitia ukuta, kutoka uani. Mkwe, shati hilo limefungwa kombo. Mkwe, mswaki haupigwi kwa dakika moja. Mkwe, nimesikia umesema ishirini na mbili kwenye simu, ni ishirini na moja nukta sita. Muuguzi alikunywa chai yake yote ikiwa ya moto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, na wala hakutaka kujua wanasemezana nini.

Mazoea hayaondoki kwa cheti. Asubuhi moja, saa kumi na mbili ikiwa imeshagonga, mkuu kamili wa kitengo cha ufungaji alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chumba chake, taulo begani, sikio limebanwa kwenye mbao.

"Mkwe," ilisema sauti kutoka mwisho kabisa wa korido.

"Naam, mama."

"Mimi nilitoka dakika nne zilizopita. Wewe unasubiri nini?"